Perspektivi ya Hewa: Samawati ya Milima ya Nandi Ukiwa Ahero

Ukisimama Ahero asubuhi tulivu ukatazama kaskazini, ng'ambo ya majaruba ya mpunga, milima ya Nandi ni ya samawati tupu. Mkazi wa kule juu atakushangaa ukimwambia hivyo, maana yeye anaishi kati ya mawe, vichaka na kijani kibichi. Rangi ile haimo mlimani. Imo katika hewa iliyolala kati ya jicho lako na mlima, na wachoraji wa mandhari wana istilahi yake: perspektivi ya hewa.

Perspektivi kwa jumla ni ufundi wa kuonyesha umbali juu ya kitu bapa, kiwe karatasi, ubao au kitambaa. Inayofahamika zaidi ni ya mistari: kingo za barabara ya Ahero kwenda Kisumu husogeleana kadiri zinavyokwenda mbali. Perspektivi ya hewa haihitaji mistari, inategemea rangi. Kitu kikiwa mbali rangi yake haikolei, vivuli vyake si vyeusi tena, kingo zake hufifia, na chote hicho huelekea kufanana na anga la upeoni.

Sababu yake ni ya kifizikia. Hewa hutawanya mwanga wa samawati kuliko mwekundu, na samawati hiyo huingia machoni pamoja na mwanga hafifu unaotoka mlimani. Ukungu, vumbi na moshi hufanya kazi tofauti: chembe zake ni kubwa zaidi, hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na mandhari hupauka. Uwanda wa Kano, ilipo Ahero, unavyo vyote. Magharibi kuna Ghuba ya Winam. Ahero penyewe pana maji ya skimu ya umwagiliaji iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Na upande wa Chemelil na Muhoroni kuna miwa, ambayo mara nyingi huchomwa moto kabla ya kukatwa. Ndiyo maana mlima uleule huwa samawati asubuhi, ukawa kijivu mchana wa moshi, na mvua ikishaiosha hewa ukaonekana kama umesogea.

Leonardo da Vinci aliliandika jambo hili kama kanuni: jengo lililo mbali mara tano zaidi lipakwe samawati mara tano zaidi. Maandishi yake kuhusu uchoraji yalichapwa Paris mwaka 1651, zaidi ya karne moja baada ya kifo chake, lakini wachoraji hawakumsubiri. Joachim Patinir wa Antwerp, aliyefariki mwaka 1524, aligawa mandhari zake tabaka tatu, kahawia mbele, kijani katikati, samawati mbali, na upeo akauweka juu sana. Ni ufundi mzuri, ila tabaka zake zinaonekana kama zimepangwa kabatini.

Anayenigusa mimi ni Jan van Goyen wa Uholanzi (1596–1656). Nchi yake ilikuwa bapa kama Kano, maji kila upande, wala hakuwa na milima ya kupaka samawati. Aliushusha upeo, akaliachia anga nafasi kubwa ya picha, kisha akatumia rangi chache tu za kahawia, kijivu na kijani kilichofifia. Kazi zake nyingi zimepakwa rangi nyembamba hivi kwamba ubao wenyewe huonekana chini yake, na kahawia ya ubao huwa sehemu ya ardhi. Umbali anaujenga kwa kupokezana kivuli na mwanga: mbele pana giza, nyuma yake ukanda wenye nuru, kisha kivuli tena, hadi matanga ya mbali yanapokaribia kupotea. Hapo rangi ndiyo inayopanga picha.

Sasa linganisha na Mombasa na Kilwa zilivyochorwa katika kitabu cha miji ya dunia cha Georg Braun na Frans Hogenberg, kilichotolewa Cologne mwaka 1572. Mtazamaji amewekwa juu, anaiona miji kwa chini, na bahari imeizunguka. Picha zilichapwa kwa bamba la shaba, na rangi ikatiwa kwa mkono baadaye, nakala moja baada ya nyingine. Rangi hiyo haikubebeshwa kazi ya kuonyesha umbali.

Hapo ndipo tafsiri inapoweza kupotosha. Tukisema "perspektivi ya anga" au "mtazamo wa angani", msomaji ataifikiria picha kama ile ya Mombasa, iliyotazamwa kutoka juu, au iliyopigwa ndegeni. Ni dhana nyingine kabisa. Kiswahili kimejaliwa kutenganisha hewa na anga, na utengano huo tuutumie: "mwono wa angani" ubaki kwa picha ya kutoka juu, na "perspektivi ya hewa" kwa umbali unaoletwa na rangi.

Wala si sharti la kila picha. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alipaka wanyama wake kwa rangi zilizokolea, hakuhitaji umbali, na kazi yake haikupungukiwa.

Lakini ukitaka kuuchora uwanda wa Kano, usiifanye milima ya Nandi iwe hafifu kwa kuichanganyia nyeusi. Chukua rangi ya anga lililo juu kidogo ya ukingo wa mlima, itie katika kijani chako, na uupake mlima kabla hujaugusa mpunga.