Iliki ya Zirai na cheti cha hiari

Hakuna sheria ya Tanzania inayomlazimisha mkulima wa iliki wa Zirai, wilayani Muheza, kuwa na cheti cha kilimo hai. Anaweza kulima, kuvuna na kumuuzia dalali barabarani bila kuulizwa lolote. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990, vyeti vya hiari vimekuwa vikipita katika mashamba ya viungo na kahawa nchini, na historia yake inastahili kujulikana na watu wa Usambara ya Mashariki kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu huku swali la mazingira halianzii kwenye dawa. Linaanzia kwenye kivuli.

Iliki ni mgeni. Asili yake ni milima ya kusini mwa India, na ilifika Usambara enzi za Wajerumani, wale walioanzisha taasisi yao ya utafiti wa kilimo pale Amani mwaka 1902. Baadaye zao likaenea kwa wakulima wadogo, nao wakaligundulia mahali pake: chini ya miti mirefu ya msitu wa asili. Ili kupanda, mkulima alifyeka vichaka na miche, akabakiza miti mikubwa. Kwa mbali msitu ulionekana mzima, kumbe hapakuwa na mti mchanga wa kushika nafasi ya mzee akianguka. Tena udongo huchoka. Miaka ikienda, iliki hupungua, na mwenye shamba huangusha hata ile miti iliyobaki ili apande mahindi au mihogo.

Serikali ilijibu kwa mipaka. Uvunaji wa magogo kwa ajili ya viwanda, uliokuwa umesaidiwa na fedha za Finland, ulisitishwa miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, yenye hekta 8,380. Katika msitu wa Derema, hukohuko Usambara ya Mashariki, wakulima zaidi ya elfu moja walilipwa fidia waache mashamba yao, mengi ya iliki, ili msitu uunganike. Mabishano kuhusu fidia hiyo yalidumu miaka mingi, na mtu aliyeng'oa mashina yaliyomsomeshea watoto hawezi kulaumiwa kwa kuona kwamba hakutendewa haki.

Cheti kilikuja kwa njia nyingine kabisa, kutoka sokoni. Vyama vya kilimo hai vya nchi mbalimbali viliungana Versailles, Ufaransa, mwaka 1972 na kuunda shirikisho la IFOAM. Jumuiya ya Ulaya ikatunga kanuni zake mwaka 1991, na katika muongo huohuo wakaguzi wakaanza kufika Tanzania. Mradi wa EPOPA, uliogharimiwa na Sweden hadi mwaka 2008, uliwasaidia wasafirishaji wa mazao kupata vyeti hapa na Uganda. Tanzania ikapata chombo chake cha ukaguzi, TanCert, na mwaka 2005 ikazaliwa TOAM, inayounganisha wadau wa kilimo hai. Mei 2007, jijini Dar es Salaam, ikazinduliwa alama ya Kilimohai pamoja na kiwango kimoja cha Afrika Mashariki nzima. Masharti yake yaliandikwa na watu wa huku, na yakaruhusu vikundi vya wakulima kukaguana wenyewe kwa ajili ya soko la ndani, bila kumlipia mgeni nauli.

Ukaguzi wenyewe ni kazi ya jicho na karatasi. Mkaguzi hutaka orodha ya wanachama na ramani ya kila shamba. Huuliza jirani wa juu anapulizia nini, maana mvua ya mlimani huteremsha kila kitu. Huingia stoo kutazama viroba: kilichobeba mbolea ya chumvichumvi hakiruhusiwi kubeba iliki. Kisha hulinganisha kilo zilizouzwa na ukubwa wa shamba. Zikizidi, ni dalili kwamba mali ya mtu asiye na cheti imepenyezwa.

Vyeti hivi vina matatizo mawili. La kwanza ni mwenye cheti. Mara nyingi anayelipia ukaguzi amekuwa kampuni inayonunua, kwa hiyo cheti kimekuwa chake. Mkulima akitaka kumuuzia mwingine, mali yake inarudi kuwa iliki ya kawaida. Kanuni mpya za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika mwaka 2022, zinataka kikundi cha wakulima kiwe na usajili wake kisheria, kisizidi wanachama 2,000, na cheti kiwe cha kikundi. Ni mzigo wa makaratasi, lakini kwa hili naziunga mkono.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi. Vyeti hivi vilizaliwa kujibu hofu ya mlaji wa Ulaya kuhusu sumu katika chakula, na uzito wa ukaguzi umebaki hapohapo: kile kinachoingia shambani. Mkulima wa iliki ya msituni hahitaji mbolea wala dawa nyingi, hivyo mtihani huo ni mwepesi kwake. Miche iliyofyekwa haionekani kwenye kiroba. Athari yake inaonekana mtoni. Mto Zigi, unaotoka milima hii, ndio unaojaza bwawa la Mabayani linalonywesha jiji la Tanga, na wakulima wa bonde hilo wamejiunga katika umoja wao wa uhifadhi, UWAMAKIZI. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, mpango mwingine wa hiari wa mazingira, kupata fedha za kupanua huduma yake. Fedha za kijani zimeshafika mjini. Anayetunza chanzo naye anastahili fungu lake.

Kwa hiyo ombi langu liende kwa wanunuzi na kwa wakaguzi watakaopanda Zirai msimu ujao. Mkishamaliza viroba na daftari, tokeni stoo mwende shambani, mhesabu miti michanga iliyoachwa ikue juu ya iliki. Bei ya ziada mlipe kwa hiyo.