Kuvunja jiwe la figo bila kisu

Maumivu ya jiwe la figo ni makali, aliyeyaonja hayasahau. Na wengi wetu tukiugua huchelewa kwenda hospitali, maana twaogopa kisu.

Woga huo ni wa kale. Katika kiapo cha Hippocrates, waganga wa Uyunani waliapa kutowapasua wenye mawe, bali kuwaachia mafundi wa kazi hiyo. Mwaka 1824, kule Paris, mganga Jean Civiale alipitisha chombo chembamba katika njia ya mkojo, akalivunja jiwe la kibofu pasipo kupasua. Lakini figo liko mbali zaidi. Jiwe lake likabaki kazi ya kisu.

Basi, msaada ulitoka wapi? Ulitoka kwa watengenezaji wa ndege! Kampuni ya Dornier ya Ujerumani ilichunguza jinsi matone ya mvua yanavyoharibu ndege ziendazo mbio kuliko sauti. Tone likigonga bati, mshindo wake hupenya ndani na kuharibu. Wakajiuliza: je, mshindo kama huo hauwezi kuvunja jiwe?

Tarehe 7 Februari 1980, mjini München, mganga Christian Chaussy na wenzake walimtibu mgonjwa wa kwanza. Alilazwa ndani ya beseni kubwa la maji. Chini yake cheche ya umeme ilitoa mshindo, na bakuli la chuma likaukusanya mahali pamoja, penye jiwe. Nyama ya mwili ina maji mengi, kwa hiyo mshindo huipita. Jiwe ni gumu, nalo hupasuka. Baada ya mishindo mamia na mamia, jiwe huwa kama mchanga, likatoka na mkojo. Mwaka 1984 Marekani nayo iliruhusu dawa hiyo. Baadaye beseni liliachwa. Mfuko wa maji juu ya ngozi ukatosha.

Lakini tusidanganyike. Jiwe kubwa mno halifai kutibiwa hivyo, wala mama mwenye mimba. Na pengine vipande huziba njia ya mkojo. Kisu hakijaisha kazi.

Hata hivyo tujifunze: kilichoharibu ndege kimeponya watu, kwa sababu wenye akili walikitazama kwa bidii. Nasi tunywe maji ya kutosha, na maumivu yakija, tusijifiche. Twende kwa mganga mapema.