Dawa, Daftari na Mashine

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini tukiitazama historia ya dawa twaona kwamba inawahusu waganga na wataalamu wa maabara vilevile. Katika zama hizi ambapo kompyuta husaidia kutafuta dawa, wako wanaodhani kwamba elimu ya wazee imekwisha kazi yake. Historia ya dawa moja ya malaria yatufundisha vinginevyo.

Mnamo tarehe 23 Mei 1967, wakati wa vita vya Vietnam, Serikali ya China ilianzisha mpango wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria, kwa kuwa klorokwini ilikuwa imeanza kushindwa. Mwaka 1969 Bibi Tu Youyou, mtaalamu wa dawa mjini Beijing, alikabidhiwa kuongoza kundi moja la watafiti. Wao walikusanya maelezo ya dawa yapatayo 2,000 kutoka katika vitabu vya kale na kwa waganga. Mmea mmoja wa jamii ya pakanga, uitwao qinghao, ulionyesha dalili njema, lakini matokeo yake yalibadilika-badilika. Ndipo Bibi Tu aliporejea kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya 4. Ge Hong alielekeza kwamba mmea huo uloweshwe majini kisha ukamuliwe, hakutaja kuuchemsha. Bibi Tu akatambua kwamba pengine moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto dogo, na mwezi Oktoba 1971 dawa aliyoipata iliangamiza vimelea vyote katika panya wa majaribio. Mwaka 1972 kiini chake, artemisinini, kilitengwa. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Baada ya hapo zilikuja mbinu mpya. Mwaka 2002 wataalamu walikamilisha kuzisoma jeni za kimelea kikuu cha malaria. Mwaka 2006 watafiti wa California walitangaza kwamba wameipandikiza hamira jeni za mmea ule, ikaweza kutengeneza asidi ambayo hugeuzwa kuwa artemisinini. Kisha ikaja programu ya kompyuta iitwayo AlphaFold, ambayo kufikia mwaka 2022 ilikuwa imekadiria maumbo ya protini zaidi ya milioni 200. Kuijua protini ya kimelea ni kama kuliona tundu la kufuli kabla ya kuchonga ufunguo. Lakini programu hiyo haikuanza na mikono mitupu. Ilifundishwa kwa hazina ya maumbo ya protini ambayo wanasayansi walianza kuiweka pamoja mwaka 1971, mwaka ule ule wa ushindi wa Bibi Tu. Kwa hiyo mashine nayo ilikuwa na daftari lake.

Jambo hili latugusa sisi Watanzania. Tangu mwaka 2006 Tanzania Bara hutibu malaria ya kawaida kwa dawa mseto yenye asili ya mmea ule. Hata hivyo, vimelea vyenye ukinzani dhidi ya artemisinini viliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulithibitisha kuwapo kwake mkoani Kagera. Dawa nyingine zahitajika. Hapa nchini kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, kikawa Taasisi mwaka 1991. Lakini sehemu kubwa ya elimu ya waganga wetu ingali vichwani mwao, na mzee afapo huondoka nayo.

Hatusemi kwamba kila mzizi ni dawa. Ge Hong hakuaminiwa kwa sababu ya ukale wake. Maneno yake yalipimwa maabarani, yakathibitika. Lakini lisiloandikwa haliwezi hata kupimwa. Basi ni wajibu wa shule zetu kuandika jina la mmea, sehemu itumikayo, majira ya kuichuma na namna ya kuitengeneza, kwa idhini ya mganga mwenyewe na kwa kuitunza haki yake. Neno dogo kama kuchemsha au kutochemsha laweza kuwa ndilo litakalookoa maisha ya watu baada ya karne nyingi.