Mche wa Misheni, Kihamba cha Mchaga

Mwaka 1890 Mangi (yaani chifu) Fumba wa Kilema aliwapokea wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu na kuwapa ardhi kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Wageni hao walikuwa na uzoefu wa jembe. Tangu 1868 shirika lao liliendesha misheni Bagamoyo, ambako watu waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto, walisali, walisoma na kulima mashamba ya misheni. Kutoka huko familia za Kikristo zilipelekwa bara kuanzisha vijiji vipya, kikiwemo cha Mhonda mwaka 1877. Ratiba ilikuwa kali, kengele ya sala ikifuatwa na kengele ya kazi, na wapo waliotoroka.

Utaratibu wa Bagamoyo usingefaa mlimani. Wachaga, wenyeji wa mlima huo, hawakuwa watu waliong'olewa kwao. Walikuwa na koo, wamangi na kilimo kilichokomaa. Mifereji iliyochimbwa na kutunzwa na koo iliteremsha maji kutoka msituni hadi vihambani, yaani mashamba ya nyumbani. Humo kihambani migomba ilisimama juu ya magimbi na mboga, ng'ombe alilishwa zizini, na samadi yake ikarudi kwenye shina la mgomba. Padri hakuwa na la kuwafundisha watu hao kuhusu ndizi.

Alichokuwa nacho ni mche mpya. Katika miaka ya 1890 bustani ya misheni ya Kilema ilianza kukuza kahawa ya arabika yenye asili ya Réunion, kisiwa ambacho mapadri wa kwanza wa Zanzibar walitokea. Mbegu ya aina hiyo ilipandwa pia na misheni ya Bura, Taita, mwaka 1893, kisha na ile ya Mtakatifu Austin karibu na Nairobi. Wataalamu wa kahawa wa Kenya bado huitaja mbegu hiyo kwa jina la misheni ya Wafaransa.

Mwaka 1893 Walutheri wa Leipzig walifika Machame, na mlima ukagawanyika kimadhehebu: Kilema, Kibosho na Rombo zikaelekea Ukatoliki, Machame na Moshi ya Kale, Ulutheri. Pande zote mbili, miche ilitoka misheni ikapitia mikononi mwa walimu, waumini na wamangi. Kahawa iliota vizuri chini ya kivuli cha migomba, hivyo mkulima hakulazimika kung'oa chakula ili apande biashara.

Si kila mchungaji aliyeshangilia fedha za kahawa. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani 1902 na kuhudumu kwa muda mrefu Moshi ya Kale, alihofia kwamba maisha ya soko yangevunja ukoo, ujirani na rika. Aliandika kwa kina juu ya sheria za Wachaga na akataka usharika ujengwe juu ya mahusiano hayo matatu. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha, wamisionari wa Kijerumani, Gutmann akiwemo, walifukuzwa mwaka 1920. Gutmann alirudi katikati ya muongo huo, akaikuta kahawa imeenea vihambani.

Walowezi wa Kizungu hawakuipenda hali hiyo. Walidai mashamba madogo yangeeneza magonjwa na wizi. Lililowauma zaidi ni kwamba Mchaga mwenye kahawa yake hakwenda kibarua kwa mzungu. Nchini Kenya serikali iliwazuia Waafrika kulima zao hilo hadi miaka ya 1930. Kilimanjaro, ofisa wa Kiingereza Charles Dundas alisimama upande wa wakulima, na mwaka 1925 wakaunda chama chao, KNPA, kikiongozwa na Joseph Merinyo. Mwaka 1933 nafasi ya chama hicho ikachukuliwa na KNCU. Hapo maswali ya dawa, ghala na bei yalikuwa yamehamia kwenye chama hicho kipya cha ushirika, ambacho nacho hakikusalimika: mwaka 1937 bei iliposhuka, wakulima waliokasirishwa na sharti la kuuza kwa chama peke yake waliyabomoa baadhi ya maghala yake. Serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, kisha ikavirudisha katika muongo uliofuata.

Leo kahawa ya mlima ina mnada wake mjini Moshi, ambako wanunuzi hupima bei kwa jicho la soko la New York. Makanisani uko mnada mwingine. Katika Sikukuu ya Mavuno, sharika za Kilutheri hupokea mikungu ya ndizi, mayai, maharage na kuku, na baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa nje ya kanisa. Jogoo anaweza kununuliwa, akarudishwa kama sadaka, akanadiwa tena. Bei yake hupangwa na majirani wanaojuana, nayo mara nyingi huipita ya sokoni.