Kenya: Kupima hatari ya ukatili wa kingono, na mafunzo ya wanaobeba kazi hiyo

Nchini Kenya, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaipa mahakama uwezo wa kumtangaza mtu aliyetiwa hatiani kuwa mkosaji hatari wa kingono, na kuagiza awekwe chini ya uangalizi wa muda mrefu atakapotoka gerezani. Hata hivyo, mahakama haitoi amri hiyo kwa kukisia. Sheria inataka kwanza iwepo ripoti ya afisa wa probesheni, afisa wa ustawi wa jamii au mtu mwingine aliyeteuliwa na mahakama. Ripoti hiyo hubeba jibu la swali zito: je, mtu huyu anaweza kurudia kosa, dhidi ya nani, katika mazingira gani, na lifanyike nini ili asirudie?

Thamani ya amri ya mahakama, kwa hiyo, haizidi thamani ya ripoti, na thamani ya ripoti haizidi ujuzi wa aliyeiandika. Ndiyo maana katika nchi kadhaa kupima na kudhibiti hatari ya ukatili wa kingono kumekuwa kazi inayofundishwa, yenye miongozo, mazoezi na usimamizi wake. Makala haya yanaeleza yale ambayo sheria ya Kenya inayadai, namna miongozo hiyo inavyofanya kazi, na sababu zinazozuia kuichukua na kuitumia ilivyo.

Sheria inadai nini

Sheria hiyo ilifikishwa bungeni na Njoki Ndung'u, wakati huo mbunge wa kuteuliwa na baadaye jaji wa Mahakama ya Juu ya Kenya. Inajulikana zaidi kwa adhabu zake. Anayemnajisi mtoto wa umri wa miaka 11 au chini ya hapo hufungwa maisha. Kwa mtoto wa miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20. Na kwa mtoto wa miaka 16 hadi 18, hakipungui miaka 15.

Kisichojulikana sana ni kifungu cha 39. Kinataja makundi matatu ya watu wanaoweza kutangazwa kuwa wakosaji hatari: aliyetiwa hatiani kwa kosa la kingono zaidi ya mara moja, aliyetenda kosa hilo kwa kutumia nguvu au vitisho, na aliyemtendea mtoto. Uangalizi wa muda mrefu umeelezwa kuwa ni wa kumrekebisha mtu, na haupungui miaka 5. Mahakama inaweza kumtaka ahudhurie mpango wa urekebishaji, asifike mahali palipotajwa, atafute kazi, au ajiepushe na pombe na dawa za kulevya. Ripoti inayotangulia amri hiyo inapaswa kueleza mazingira ya kijamii aliyotoka, historia yake ya kiafya na kisaikolojia, kufaa kwake kwa uangalizi, manufaa yanayotarajiwa, na utayari wake wa kushirikiana.

Umuhimu wa kifungu hicho unakua kadiri miaka inavyopita. Aliyehukumiwa miaka 15 katika miaka ya mwanzo ya sheria hii amekwisha kufikia mwisho wa kifungo chake. Anaporudi nyumbani, huenda akarudi katika mtaa au kijiji kilekile anamoishi aliyemdhuru.

Kwa nini kukisia hakutoshi

Historia ya taaluma hii ina mafunzo machungu. Mwaka 1966 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilitoa hukumu katika kesi ya Baxstrom, na kwa sababu hiyo karibu wagonjwa 1,000 waliokuwa wamezuiliwa katika hospitali za wahalifu wenye maradhi ya akili katika jimbo la New York wakahamishiwa hospitali za kawaida. Walikuwa wamezuiliwa kwa imani kwamba ni watu wa hatari mno. Walipofuatiliwa kwa miaka kadhaa, ilionekana kwamba ni wachache tu miongoni mwao waliofanya ukatili. Mwaka 1981 mwanasaikolojia John Monahan alipitia tafiti zilizokuwapo na kuona kwamba madaktari wa akili na wanasaikolojia waliotabiri kuwa mtu fulani atafanya ukatili walikuwa sahihi mara moja tu kati ya tatu, kwa kiwango cha juu.

Kuhusu makosa ya kingono hasa, Karl Hanson na Monique Bussière walichapisha mwaka 1998 uchambuzi wa tafiti 61 zilizofuatilia wakosaji waliotoka kifungoni. Kwa wastani, asilimia 13.4 walijulikana kuwa wamerudia kosa la kingono katika miaka 4 hadi 5. Neno la kuangaliwa hapo ni kujulikana, kwa kuwa makosa mengi ya aina hii hayafikishwi polisi. Hata hivyo, uchambuzi huo ulivunja dhana mbili zinazopingana: ile inayosema kwamba kila aliyewahi kubaka atabaka tena, na ile inayosema kwamba kifungo kimemaliza kila kitu.

Ulionyesha pia jambo linalowashangaza wengi. Kukana kosa, au kutoonyesha huruma kwa aliyedhurika, hakukuwa na uhusiano mkubwa na kurudia. Dalili zilizokuwa na uzito zaidi zilikuwa matamanio potovu ya kingono, kama vile kuvutiwa na watoto, pamoja na mwenendo wa muda mrefu wa kuvunja sheria. Afisa asiyefunzwa anaweza kuguswa na machozi ya mshtakiwa, au kuchukizwa na ukaidi wake, na kuandika ripoti kwa kufuata hisia hizo. Machozi na ukaidi si vipimo.

Njia mbili za kupima

Wataalamu hutumia njia kuu mbili. Ya kwanza ni ya hesabu. Mfano wake unaojulikana zaidi ni Static-99, iliyotungwa na Karl Hanson wa Kanada na David Thornton, na baadaye kurekebishwa kwa jina la Static-99R. Ina vigezo 10, vikiwamo umri wa mtu anapoachiwa, makosa ya kingono ya nyuma, na kama alimdhuru mtu asiyemjua. Kila kigezo hupewa alama, alama hujumlishwa, na jumla hulinganishwa na kumbukumbu za wakosaji wengine waliofuatiliwa. Ni njia ya haraka na yenye matokeo yanayofanana hata wapimaji wakiwa tofauti, lakini haisemi chochote kuhusu hatua za kuchukua.

Njia ya pili ni uamuzi wa kitaalamu wenye mpangilio. Mwaka 1997 wataalamu wa British Columbia, Kanada, walitoa mwongozo uitwao SVR-20, wenye vigezo 20. Mwaka 2003 ukafuata RSVP, wenye vigezo 22 vilivyogawanywa katika maeneo matano: historia ya ukatili wa kingono, hali ya kisaikolojia, maradhi ya akili, mahusiano na maisha ya kijamii, na uwezekano wa mtu kusimamiwa. Hapa hakuna alama za kujumlisha. Mpimaji huuliza kama kigezo kipo, kama kilijitokeza zamani au hivi karibuni, na kama kweli kinahusiana na hatari ya mtu huyu. Ulevi, kwa mfano, unaweza kuwapo katika maisha ya watu wawili. Mmoja hudhuru akiwa amelewa tu, na mwingine hupanga uovu wake akiwa na akili timamu. Kuzuia pombe kutasaidia katika hali ya kwanza na kuwa upotevu wa juhudi katika ya pili.

Mafunzo yanafundisha nini

Washiriki wa mafunzo ya aina hii huwa wanasaikolojia, madaktari wa magonjwa ya akili, maafisa wa probesheni, askari magereza, polisi na maafisa wa ustawi wa jamii. Somo la kwanza ni kukusanya habari. Maneno ya mhusika hayatoshi. Yanahitajika majalada ya polisi, mwenendo wa kesi, kumbukumbu za gereza na za hospitali, na maelezo ya watu wanaomjua. Mshiriki hujifunza kutenganisha jambo lililothibitishwa mahakamani, jambo lililodaiwa tu, na jambo analolidhani yeye mwenyewe, na kuliandika kila moja kwa jina lake.

Somo la pili ni mazoezi ya majalada. Kundi zima hupewa jalada moja, kila mmoja hulipima peke yake, kisha majibu hulinganishwa. Watu wawili wakitofautiana, kila mmoja huonyesha ukurasa uliomfikisha alipofika. Zoezi hilo huanika upendeleo uliojificha: mmoja amekuwa mkali kwa sababu mhusika ni maskini asiye na makazi, mwingine amekuwa mpole kwa sababu mhusika ni mwalimu anayeheshimika.

Somo la tatu ni kuwaza matukio yanayoweza kutokea. Badala ya kuandika tu kwamba hatari ni kubwa, mpimaji hueleza picha kamili: mtu huyu akirudia, kuna uwezekano gani kwamba atamlenga mtoto wa jamaa anayelala nyumba moja naye? Dalili za onyo zitakuwa zipi? Je, madhara yanaweza kuzidi yale ya kwanza? Ripoti nzuri haidai kutabiri yajayo. Inaonyesha njia ambazo madhara yanaweza kupitia, ili zizibwe mapema.

Kutoka kupima hadi kulinda

Kila picha huzaa mpango. Mwongozo wa RSVP unataja nguzo nne: ufuatiliaji wa dalili, matibabu au ushauri nasaha, usimamizi wenye masharti, na mpango wa usalama wa wanaoweza kudhurika. Nguzo ya nne ndiyo inayosahaulika kwa urahisi. Familia ya mtoto inahitaji kujua mtu huyo anatoka lini, imwarifu nani ikimwona akizunguka shuleni, na nani anapaswa kuja.

Nguzo zote hizo hutegemea vyombo vinavyoitikia. Mei 2013, Mahakama Kuu mjini Meru iliamua kwamba polisi walikiuka haki za kikatiba za wasichana walionajisiwa kwa kushindwa kuyachunguza malalamiko yao ipasavyo. Kesi hiyo ilifunguliwa kwa niaba yao na ikajulikana kuwa kesi ya wasichana 160. Uamuzi huo unahusu upelelezi, lakini una somo kwa upimaji wa hatari pia: lalamiko lisiloandikwa leo ni pengo katika jalada la kesho.

Pengo hilo ni kubwa zaidi pale ambapo kesi humalizwa na wazee nje ya mahakama, kama inavyofanyika kwa jina la maslaha katika kaunti za kaskazini mwa Kenya. Fidia ikilipwa na familia zikapatana, hakuna hukumu inayobaki. Kipimo kinachohesabu mashtaka na hukumu kitampa mtu huyo alama ndogo, ingawa jirani zake wanajua alichofanya. Mpimaji aliyefunzwa hutambua kwamba jalada jeupe si ushahidi wa usafi. Huuliza zaidi, huku akikumbuka kwamba uvumi wa kijiji nao si hukumu.

Kipimo kilichotoka mbali

Juni 2018, Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada ilitoa uamuzi katika kesi ya Ewert. Mfungwa wa jamii ya asili ya Métis alilalamika kwamba vipimo vilivyotumika juu yake, Static-99 ikiwa miongoni mwavyo, havikuwa vimethibitishwa kuwa sahihi kwa watu wa jamii za asili. Mahakama ilikubali kwamba idara ya magereza ilivunja wajibu wake wa kisheria, kwani ilikuwa imeonywa kwa muda mrefu na haikuchukua hatua ya kuhakikisha kwamba vipimo hivyo vinawafaa.

Ikiwa vipimo vilivyozaliwa Kanada vilitiliwa shaka huko huko Kanada, nchi nyingine inayovipokea ina sababu zaidi ya kuwa mwangalifu. Kigezo cha Static-99 kinachouliza kama mtu amewahi kuishi na mpenzi kwa angalau miaka miwili kinategemea desturi za ndoa na makazi ambazo hazifanani kila mahali. Hata lugha ni sehemu ya kipimo. Mahojiano yakifanywa kwa Kiingereza na mtu anayefikiri kwa Kiborana, Kidholuo au Kiswahili, jibu fupi linaweza kuandikwa kuwa ukaidi, kumbe mtu hakulielewa swali.

Hilo halimaanishi kwamba miongozo hii haina kazi Afrika Mashariki. Linamaanisha kwamba mafunzo hayakamiliki kwa kugawa fomu. Yanahitaji majalada ya hapa, tafsiri zilizojaribiwa, ufuatiliaji wa watu waliopimwa ili ionekane kipimo kilisema kweli au la, na msimamizi mwenye uzoefu wa kuzipitia ripoti kabla hazijafika mahakamani.

Makosa ya upimaji yana gharama pande zote mbili. Mtu aliyepimwa chini ya hatari yake halisi anaweza kumfikia mtoto mwingine. Aliyepimwa juu ya hatari yake hubanwa kwa miaka bila sababu, na afisa aliyekabidhiwa kumfuatilia hutumia kwake saa ambazo zingemlinda mtu mwingine. Kifungu cha 39 kimeipa mahakama ya Kenya mlango wa kuyaepuka makosa yote mawili. Ufunguo wake uko mikononi mwa afisa anayeandika ripoti, na ujuzi wake ni jukumu la dola iliyomtuma.