Fizikia na Historia, Saa Moja

Mwaka 1994, nikiwa Kidato cha Tatu katika shule moja ya kutwa upande wa Kangemi, fizikia na historia ziliwekwa saa moja kwenye ratiba. Uchague moja, basi. Wenye alama nzuri tulipelekwa fizikia bila kuulizwa. Historia ilikuwa ya waliobaki.

Mfumo wa zamani ulimtenga mwanafunzi Kidato cha Tano: huyu sayansi, yule sanaa. 8-4-4, iliyoanza 1985, ilifuta Kidato cha Tano na cha Sita. Mpaka wenyewe haukufutika. Ulishuka tu hadi Kidato cha Tatu.

Jumamosi nilikuwa napanda matatu namba 23 hadi tao, naingia Maktaba ya McMillan kusoma historia, kama mtu anayeiba vile. Ilifunguliwa 1931, na Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo hadi 1958. Hilo nililijua nikiwa nimekaa humo humo ndani, kitabu cha fizikia kikiwa kimefungwa kando.

Sasa mpaka umeshuka tena. Watoto wa kwanza wa Gredi ya 10, walioingia Januari 2026, walichagua wakiwa Gredi ya 9: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Mpwa wangu anayewafuata anapenda historia. Juzi mamake aliniita Kawangware nimwambie achukue sayansi. "Wewe si ulisoma fizikia, na uko sawa?"

Nilipata D. Dadangu sijawahi kumwambia.