Wajane wa Kedgaon: Hisani Iliyofundisha Kazi

Kanisa limewalisha wajane tangu siku zake za kwanza. Sura ya 6 ya Matendo ya Mitume inasimulia manung'uniko kuhusu wajane waliosahauliwa katika mgawo wa kila siku, na kufikia mwaka 251 Askofu Kornelio wa Roma aliandika kwamba kanisa lake lilikuwa likiwatunza wajane na wahitaji zaidi ya 1,500. Mgawo uliokoa maisha, lakini mjane alibaki mpokeaji hadi kufa. Aliyeonyesha wazi kwamba hisani ya Kikristo yaweza kumtoa hapo alikuwa mjane mwenyewe, Pandita Ramabai wa magharibi ya India.

Alizaliwa mwaka 1858 katika ukoo wa Kibrahmani, na wazazi wake wakakaidi desturi kwa kumfundisha Kisanskriti. Njaa ikawaua wazazi; mwaka 1882 mumewe akafa na kumwachia binti mchanga. Katika matabaka ya juu, wengi walioozwa utotoni walifiwa kabla hata ya kuishi na mume. Mjane alinyolewa kichwa, akavuliwa bangili, akavishwa nguo moja duni, wala hakukaribishwa arusini kwa kuwa alihesabiwa nuksi. Ni kweli, sheria ya mwaka 1856 ilikuwa imeruhusu wajane wa Kihindu kuolewa tena, na mtu anaweza kuuliza hisani ilikuwa ya nini. Lakini sheria hiyohiyo ilimnyang'anya aliyeolewa tena haki yake katika mali ya marehemu, na haikumpa chakula, elimu wala pa kulala. Ruhusa bila riziki ilimfaa nini?

Ramabai alibatizwa Uingereza mwaka 1883, akachangisha fedha Marekani, na mwaka 1889 akafungua Sharada Sadan mjini Bombay, shule na makazi ya wajane, iliyohamia Pune mwaka uliofuata. Baada ya njaa ya 1896 na 1897 akakusanya mamia ya wasichana na wanawake huko Kedgaon, mahali palipoitwa Mukti. Walilima, walifuma, walikamua mafuta, na waliendesha kiwanda cha uchapaji. Inafaa kuutazama mkono wa mwanamke aliyeambiwa kuwa ni mkosi ukiokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga mstari kwa mstari, hata ikachapwa Biblia ya Kimarathi aliyoitafsiri Ramabai mwenyewe. Kazi hiyo inadai kusoma, subira na jicho kali. Anayeiweza hawezi kuambiwa tena kwamba ni mdomo wa kulishwa tu.

Pingamizi kubwa ni kwamba hisani hii ilikuwa chambo cha dini. Mwaka 1893 washauri Wahindu wa Sharada Sadan walijiuzulu, gazeti la Kesari la mwanasiasa Tilak likashambulia, na wazazi wengi wakawaondoa binti zao. Lawama hiyo haipaswi kupuuzwa. Ramabai aliwaachia wasichana kushika masharti ya tabaka lao jikoni, lakini alisali mlango ukiwa wazi. Na huko Mukti, Ukristo ulikuwa hewa ya nyumba nzima. Msichana aliyeokotwa na njaa hana uhuru kamili wa kumkatalia anayemlisha, na hilo ni doa ambalo wema wa nia haulifuti. Hata hivyo, kama shabaha ingekuwa ubatizo peke yake, matunda ya Sharada Sadan yasingevuka ua wa kanisa. Godubai, mwanafunzi mjane wa kwanza wa nyumba hiyo, alibaki Mhindu, na mwaka 1893 akaolewa na D. K. Karve, mwalimu Mbrahmani ambaye jamaa zake walimtenga kwa kumwoa mjane. Mwaka 1896 Karve alianzisha nyumba ya wajane ya Kihindu, na mwaka 1916 akafungua chuo kikuu cha wanawake.